Lugha: ya ubongo au ya watu?

Mzee aliyepata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo pengine huelewa mengi ya yasemwayo barazani, lakini akitaka maji, neno halimtoki. Mjukuu akianza kusoma Alhamdu, mzee yule yule huenda akaifuata aya kwa aya. Madaktari wanaijua vyema hali hii ya maneno ya mazoea kubakia pale usemi wa kawaida unapopotea, na kwangu mimi inatosha kuonesha kwamba suala la makao ya lugha halina jibu la mkato.

Wanaoupa ubongo uzito wana hoja nzito. Mwaka 1861, huko Paris, daktari Paul Broca alieleza habari za mgonjwa ambaye karibu kila alichoweza kutamka kilikuwa "tan", na alipofariki sehemu ya mbele ya ubongo wake, upande wa kushoto, ilionekana imeharibika. Mwaka 1874 daktari mwengine, Carl Wernicke, akaeleza sehemu nyengine, ya nyuma zaidi, ambayo ikiumia mtu husema kwa wepesi maneno yasiyoeleweka. Hoja iliyo kali zaidi inatoka kwa viziwi: anayetumia lugha ya alama akiumia upande huo huo wa kushoto huweza kupoteza alama zake na huku mikono bado ina nguvu. Kwa hivyo kinachohifadhiwa pale si kazi ya mdomo wala ya sikio, bali lugha yenyewe.

Hata hivyo, kujua lugha inakaa wapi si kujua inatoka wapi. Wapo watoto waliokatwa nusu ya kushoto ya ubongo wangali wadogo kwa sababu ya kifafa kikali, na wakajifunza kusema kwa nusu iliyobaki. Na hapa kwetu Zanzibar, mtoto wa chuo cha Kurani huhifadhi juzuu nzima na kutoa kila herufi katika makhraji yake, yaani pale inapotamkiwa, lakini hawezi kuzungumza Kiarabu, kwa kuwa hapana anayezungumza naye. Mtoto huyo huyo, akitoka Makunduchi na Kikae chake, lahaja ya huko, akahamia Mjini, hukipata Kiunguja cha wenzake bila ya kufundishwa na mtu. Ubongo ni ule ule. Kilichobadilika ni watu wanaomhitaji aseme nao.

Nicaragua imetupa ushahidi ambao kila upande unauvuta kwake. Watoto viziwi waliokuwa wametawanyika majumbani, kila mmoja na ishara zake, walipokusanywa katika skuli za Managua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, waliunda lugha mpya ya alama, na wadogo waliofuata wakaipa sarufi iliyopangika zaidi. Ni kweli kwamba hapana mwalimu aliyewapa sarufi ile, na hilo nalikubali kuwa ni la ubongo. Lakini bongo hizo zilikuwapo tangu hapo, na lugha haikuzuka mpaka walipopatana.

Kwa hivyo naupa uzito zaidi upande wa watu, na sababu yangu kubwa ni mtoto kiziwi anayezaliwa kijijini Pemba katika nyumba ya wanaosikia. Ubongo wake una wakati wake: anayechelewa kupata lugha ya alama kwa kawaida hubaki na upungufu katika sarufi hata akiitumia miaka mingi. Kumngojea afike umri wa skuli ni kumpotezea miaka iliyo bora kabisa, ilhali mama na ndugu zake wangeweza kuanza kujifunza alama pale tu uziwi unapobainika.