I-94 ya Minnesota: watu wa Rondo hawajalipwa bado

Wanaosifia haiwei za Marekani mara nyingi wanaangalia lami tu. Sawa, I-94 kule Minnesota ni barabara ya maana, inaingia kutokea North Dakota pale Moorhead, inashuka kupitia Alexandria na St. Cloud, inakatiza Minneapolis na St. Paul halafu inavuka mto St. Croix kwenda Wisconsin, zaidi ya kilomita 400 hizo, na malori kibao yanaitegemea. Hilo sibishi.

Ninachobisha ni kile kipande cha St. Paul. Pale palikuwa na mtaa wa watu weusi unaitwa Rondo, una makanisa, maduka, vinyozi, familia zimejinyima mpaka zikanunua nyumba zao. Wakubwa wakaamua haiwei ipite hapo hapo katikati, na sheria ya haiwei ya Rais Eisenhower ya 1956 ilipokuja, serikali kuu ikawa inabeba asilimia 90 ya gharama, basi nani tena wa kusimamisha? Na msiniambie njia nyingine haikuwepo! Mtaalamu wa mipango wa mji wenyewe, George Herrold, alishasema ipitishwe kaskazini kidogo, sambamba na reli. Hawakumsikiliza.

Mchungaji George Davis, mtu mzima, aligoma kuhama, polisi wakaja kumtoa nyumbani kwake. Mamia ya nyumba yakaenda. Wapangaji wa nyumba hizo hawakupata kitu cha maana, na hata mwenye hela ya fidia mkononi akitaka kununua mtaa wa wazungu anafungiwa mlango, kwa hiyo urithi wa watoto ndo ukaishia hapo.

Kitu kimoja watu wa Rondo walichopigania wakakipata: haiwei ichimbiwe chini badala ya kupita juu kwenye nguzo. Ukisimama leo kwenye daraja la Dale Street unaona bonde la zege, magari yanapita chini kwa kelele, na ng'ambo ya huku na huku ni mtaa uleule uliokatwa vipande viwili.

2015 meya wa St. Paul wa wakati huo, Chris Coleman, na idara ya barabara ya jimbo waliomba msamaha. Vizuri. Sasa kuna wazo la kulifunika hilo bonde, juu yake zijengwe nyumba na maduka, na mimi naliunga mkono kabisa ila kwa sharti: ardhi hiyo wapewe kwanza wajukuu wa Rondo, kwa hati, maana ikiachiwa soko kodi zitapanda na hao hao watahamishwa mara ya pili.