Dereva wa deliveri kaajiriwa au kajiajiri? Mi naangalia nani analipia muda wa kusubiri

Huu mjadala wa madereva wa deliveri, kwamba ni waajiriwa wa kampuni au ni watu waliojiajiri, wengi wanauanzia kwenye mkataba na hapo hapo wanakwama, maana mkataba kauandika nani? Kampuni. Dereva kabonyeza tu "nakubali" aanze kazi. Ukiisoma karatasi peke yake jibu ni moja kila siku, kajiajiri huyu, pikipiki yake, mafuta yake, muda wake. Inabidi tuangalie kazi yenyewe inavyokwenda.

Tuanze na kampuni, hoja yao ina uzito wake. Dereva anawasha apu akitaka na kuzima akitaka, anaweza kuwa na apu mbili tatu kwa pamoja akachukua oda inayolipa, na wapo wanafunzi, wapo wenye kazi nyingine mchana, hao ukiwaletea zamu na ratiba umewaharibia kabisa. Mahakama nazo zimewahi kuwaelewa. Novemba 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema waendeshaji wa Deliveroo, kampuni ya apu ya kupeleka chakula, hawako kwenye uhusiano wa ajira unaokipa chama chao haki ya kuilazimisha kampuni ikae mezani kujadiliana, na sababu kubwa ni kwamba mkataba uliwaruhusu kumtuma mtu mwingine apeleke oda badala yao. Hapo kuna kitu kweli, mwajiriwa hawezi kumtuma binamu yake akamkalie ofisini.

Sasa geuza upande. Madereva wa vifurushi wa FedEx kule California waliambiwa wamejiajiri, gari wananunua wenyewe, ila kampuni ndo ilikuwa inaamua rangi ya gari, vipimo vya shelfu za ndani, na mavazi kuanzia kofia mpaka viatu na soksi. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ikasema hao ni waajiriwa, mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 228 kumaliza kesi. Mtu anapangiwa mpaka soksi halafu uniambie anaendesha biashara yake? Hapana.

Apu za sasa hivi mara nyingi haziangalii soksi, zimeshika kitu kizito zaidi, bei na akaunti. Dereva hapangi bei, oda ikiingia ana sekunde chache za kuamua, na siku akaunti ikifungwa anaweza kubaki anajibiwa na meseji za mashine bila kumpata binadamu wa kumweleza. Mwenye biashara kweli anaongeza bei mvua ikinyesha na mteja ni wake, hapa mteja ni wa kampuni.

Ila kinachoniuma zaidi ni muda wa kusubiri. Kashusha mzigo kwa mteja, anarudi mtupu mpaka sehemu yenye oda nyingi, anapaki, helmeti iko kwenye usukani, simu mkononi, nusu saa hakuna kitu. Hiyo nusu saa ni ya nani? California, Novemba 2020, wapiga kura walipitisha sheria inayoitwa Proposition 22 baada ya kampuni za apu kumwaga zaidi ya dola milioni 200 kwenye kampeni, madereva wakabaki wamejiajiri lakini wakahakikishiwa asilimia 120 ya kima cha chini cha mshahara, ila saa inaanza kuhesabiwa ukipokea oda na inasimama ukiikabidhi. Katikati ya oda na oda ni sifuri. London, Februari 2021, Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Uber ikaenda njia nyingine, ikasema dereva aliyewasha apu ndani ya eneo lake na yuko tayari kuchukua safari, huyo yuko kazini. Hao ni madereva wa abiria, sawa, na waliwekwa kwenye kundi la katikati lenye kima cha chini na likizo ya malipo bila haki zote za mwajiriwa, lakini swali la kusubiri ni lile lile.

Mi niko na London hapa. Mteja anapata chakula chake haraka kwa sababu kuna madereva wamekaa bure karibu, bila hao kusubiri kampuni haina cha kuuza. Ugumu upo, sikatai: aliyewasha apu tatu, hiyo saa moja ailipe nani? Na kampuni ikilipia kusubiri itapunguza watu wa kuwasha apu, zamu zitarudi, wapya watakuta mlango umefungwa. Hispania ilipotunga sheria ya kuwahesabu waendeshaji wa deliveri kuwa waajiriwa mwaka 2021, Deliveroo iliondoka mwaka huo huo, wakati Glovo, apu nyingine ya deliveri, iliendelea na watu waliojiajiri mpaka Desemba 2024 ilipotangaza itawaajiri.

Ndo maana direktivu (agizo la kisheria) ya Umoja wa Ulaya ya 2024, ambayo nchi wanachama zilipewa mpaka Desemba 2026 kuiweka kwenye sheria zao, naiunga mkono. Dalili za kampuni kumwongoza dereva zikionekana, inachukuliwa kaajiriwa, na anayetakiwa kuthibitisha vinginevyo ni kampuni, na kumfungia mtu akaunti lazima kuamuliwe na binadamu. Kampuni ndo yenye data yote, uliwasha saa ngapi, ulikataa oda ngapi, ulisubiri dakika ngapi. Dereva ana screenshot tu.