Posho ya msiba nani kanipa?

Jumanne nimepanda ndege uwanja wa Songwe, Mbeya, kwenda Dar kumzika mjomba. Tiketi nimekata usiku wa kuamkia safari: laki nne na ishirini. Basi lingekula kutwa nzima, na mazishi ni saa kumi. Dada wa kiti cha pili, kapakata kikapu cha maparachichi ya Rungwe, kalipa laki na tisini. Alikata mwezi uliopita. Kiti kilekile, maji yaleyale ya kachupa, ukungu uleule uliotuchelewesha.

Ndivyo wanavyofanya wenye ndege: viti vya daraja moja wanavigawa mafungu ya bei, la rahisi likiisha unasukumwa la juu. Hesabu yao, anayekata mapema anabana hela. Anayekurupuka usiku ni bosi, ofisi italipa. Haya, bosi alipe! Mimi wa msiba je? Mjomba hakunipa taarifa ya mwezi mzima.

Basi nalo lina ujanja wake (sikukuu mnajua wenyewe), lakini nauli ina ukomo wa LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, na mpiga debe wa stendi ya Nane Nane naweza kumshika shati tukaulizana. Kompyuta inayopandisha bei ya ndege utaishika wapi?