Simu ndani ya kibwebwe

Harusi ya mwisho niliyokwenda, hapa Mji wa Kale, mlangoni pa ukumbi wa wanawake palikuwa na kikapu cha ukindu na msichana amekaa nacho. Kila aliyeingia alizima simu, akaitia kikapuni, akapewa kijikaratasi chenye namba. Si jambo geni kwetu. Kadi nyingi za harusi siku hizi zinatangaza mapema kwamba picha ni marufuku, na sababu ni stara: mle ndani watu wamevua mabuibui, na hakuna anayetaka kesho ajikute kwenye kundi la WhatsApp la watu asiowajua.

Lakini kikapu kile kilifanya na jambo jingine. Msondo ulipolia, chapuo likajibu, vumi, ngoma ya sauti nzito, likaanza kunguruma chini yao, macho hayakuwa na pa kukimbilia. Mabibi walikata kiuno polepole, wakisikiliza. Wasichana walitazama nyonga za mama zao, wakaiga, wakakosea, wakaiga tena. Nimehudhuria pia sherehe za simu juu juu. Huko anayecheza hachezi na wenzake, anachezea vioo, na anayetazama anatazama kidirisha cha inchi sita ilhali ngoma yenyewe iko hatua mbili mbele yake.

Tulipofundishwa kuswali tuliambiwa tuhudhurishe moyo. Nalikopa neno hilo kwa adabu, maana silijui jingine linaloeleza vizuri zaidi kile nilichokiona ukumbini usiku ule: mwili na moyo mahali pamoja.

Wapo watakaosema basi, teknolojia ibaki mlangoni. Mimi sikubali. Napenda filamu za ngoma, na naamini kamera ikiwa na subira humfundisha mtu kutazama. Mwaka 1945, Maya Deren alitengeneza Marekani filamu ya dakika chache tu, ambamo mchezaji Talley Beatty anainua mguu msituni na kuushusha ndani ya nyumba. Hakuna muziki, hakuna maneno. Hatua moja imepewa nafasi kubwa hivi kwamba unajikuta umeshika pumzi mpaka unyayo utue. Na mwaka 1999, Merce Cunningham, mtunzi wa ngoma wa Marekani, alitoa BIPED, onyesho ambalo ndani yake mienendo ya wachezaji ilinaswa kwa kompyuta, ikachorwa upya kama mistari ya mwanga na kuonyeshwa kwenye pazia jembamba mbele ya jukwaa. Sura zimeondoka, ngoma imebaki.

Niliposoma habari za BIPED nilikikumbuka kikapu. Kumbe inawezekana kuhifadhi mwendo bila kumwanika mwenyewe! Stara na kumbukumbu vinaweza kukaa nyumba moja.

Mama mkubwa wangu ni mchezaji wa chakacha, ngoma yetu wanawake ya kukata kiuno, tangu usichana wake, na hajawahi kukubali kupigwa picha akicheza. Nilimweleza, akaniuliza maswali mengi, mwisho akasema tujaribu, ndani, sisi wanawake tu. Binti wa dada yangu anasomea kompyuta. Alileta programu ya bure ya Google iitwayo MediaPipe, inayotafuta viungo vya mtu kwenye picha na kuviweka kama nukta. Tukafuta picha, tukabakisha nukta, tukazirusha ukutani kwa projekta ya kuazima.

Mama mkubwa alitazama kwa makini sana. Kisha akasema, "Hiyo mashine yenu haina kiuno, wanangu."

Tukahesabu. Programu ile huweka nukta 33 mwilini: uso una 11, mikono imejaaliwa mpaka vidole, na nyonga zina mbili tu, moja kila upande. Nukta mbili kwa chakacha! Kila kitu ambacho mama mkubwa anakijua, namna anavyoiachia nyonga ya kushoto ichelewe kidogo na kuikamata tena pigo linaporudi, kilikuwa kimepita katikati ya nukta zile mbili kama maji kwenye chujio. Wala simlaumu aliyeitengeneza. Alikuwa na shughuli zake. Lakini tusikubali kwamba ngoma yetu ndiyo ile iliyobaki ukutani. Vijana wetu wanaosomea mambo haya ndio wenye kazi ya kuongeza nukta, na hawataziongeza kama hawajakaa chini wakamtazama bibi yao akicheza, kwa saa nzima, simu ikiwa kikapuni.

Mpwa wangu hakulala na neno lile. Wiki iliyofuata alirudi na wazo ambalo bado linanisisimua. Ndani ya simu mna vijidude vinavyopima mtikisiko na mzunguko. Ndivyo vinavyofanya picha igeuke ukiilaza simu ubavu. Havihitaji kamera. Basi alifunika lenzi kwa utepe, akawasha kinasa mwendo, akaikunja simu ndani ya leso na kuifunga kibwebwe kiunoni mwa mama mkubwa, kioo kikielekea ndani.

Hapo ndipo nilipoona kikapu na simu vimepatana. Simu ipo, inafanya kazi, na hakuna anayeweza kuitazama. Hakukuwa na picha ya kukagua wala kurudia. Tulipiga makofi na kuimba, sisi wanne, chumba kimejaa harufu ya udi, na yeye akacheza kama dakika kumi bila kuangalia popote.

Baadaye tuliuona mwendo wake ukutani: mstari mmoja mweupe kwenye giza, ukipanda na kushuka, umepunguzwa kasi mara nne. Hakuna mwili, hakuna sura, hata leso haionekani. Yeye alisogea mpaka karibu na ukuta, akaufuata mstari kwa kidole, taratibu, kama mtu anayesoma barua. Kwenye bonde moja alisimama.

"Hapa nalisikia vumi," alisema.

Vumi halikuwapo siku ile. Tulikuwa na makofi tu. Lakini mstari pale ulikuwa umezama kuliko kwingine kote, na nyonga yake ya kushoto, amesimama palepale mbele ya ukuta, ikachelewa kidogo, ikarudi.