Mwenye mafua abaki nyumbani, nani amlishe?

Mafua yakishaingia Tanga yanazunguka yote, kuanzia Ngamiani mpaka Pongwe, na ubishi unakuwa ule ule: mgonjwa akae ndani au aendelee na mishe zake?

Wanaosema akae ndani tusiwabeze, wana hoja. Homa ya mafua yenyewe si kamasi tu, WHO wanakadiria inaua watu kati ya 290,000 na 650,000 duniani kila mwaka, na wanaoumia zaidi ni wazee, watoto wadogo na wenye pumu au moyo, yani wewe kijana unapiga chafya sebuleni siku nne umepona, bi mkubwa aliyekuwa anakula na wewe ndo analazwa.

Sasa nyumbani kunakalika? Sheria ya ajira ya 2004 inampa mwajiriwa hadi siku 126 za kuumwa ndani ya miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili, alete tu cheti cha daktari. Safi, kwa mwajiriwa. Bodaboda, mama ntilie, mbeba mizigo wa soko la Mgandini, cheti ampelekee nani? Asipotoka leo kesho hakuna unga. Halafu mtu anaanza kuambukiza hata siku moja kabla hajajisikia vibaya, kwa hiyo anapojifungia wenzake kashawapa.

Mi naona tunakomalia nyumbani huku daladala tumeisahau. Panda ya Pongwe mvua ikinyesha, vioo vimefungwa vyote, watu wamebanana, konda anakoholea ngumi ile ile iliyoshika noti kisha anakurudishia chenji, na ukithubutu kufungua kioo kidogo unasemwa na gari zima (tena wanaosema sana ndo wanaokohoa). Pa kuanzia ni hapo. Kioo kufungua bure, kukoholea kiwiko bure, maji na sabuni tunavyo. Amoksilini za kujinunulia duka la dawa ndo zinakula hela, na kirusi hazikigusi.

Mbeba mizigo simlaumu, atoke, avae barakoa na asijazane na watu. Ila wewe wa ofisini mwenye likizo ya kulipwa unayekuja na homa eti kazi haziendi bila wewe, baki kwako mpaka zipite saa 24 homa haijarudi, bila panadol.