Begi la Kamera na Chupa ya Chai

Leo alfajiri nimeshuka basi la Mpwapwa hapa Dodoma nikinuka mafuta ya alizeti kama kitumbua. Konda alinikuta mlangoni na begi langu kifuani, akaniambia, "Mzee, hilo buti." Nikamweleza lina kamera. Akanijibu kwamba hata wenye mbuzi hujieleza hivyo hivyo. Kufika stendi, buti linafunguliwa, nakuta dumu la lita 20 limelala ubavu juu ya begi langu, kifuniko kimelegea, limestarehe kabisa.

Begi lenyewe ni la shule. Ni la mwanangu wa darasa la nne, mbele lina katuni ya simba anayecheka. Ndani nimekata vipande vya godoro lake la utotoni, na godoro la utotoni mnajua lilipitia nini. Humo ndimo hulala lenzi ambayo mkopo wake sijaumaliza. Kwenye send-off watu wananiita "kamera man" kwa heshima zote, halafu nafungua simba anayecheka, natoa flashi. Heshima inashuka ngazi moja.

Nikasema basi. Leo nanunua begi la kamera lenye adabu.

Kuna mwenzetu mmoja huja na treni ya SGR kutoka Dar kila kipindi cha Bunge. Ana begi ambalo ukiliona unatamani kulisalimia shikamoo. Linafunguliwa upande wa mgongoni, kwa hiyo ukishalivaa, kibaka wa nyuma yako anapapasa kitambaa tu, zipu iko kwako. Lina mkanda mpana wa kiunoni, uzito unahamia kwenye nyonga, mabega yanapumua. Chini kuna koti la mvua limekunjwa kwenye kimfuko chake. Nikamuuliza bei. Akaitaja kwa dola, polepole, kama mtu anayekupa habari za mgonjwa.

Hilo koti la mvua nilimwachia mwenyewe. Mvua gani? Ya kwetu inaingia Desemba, Aprili imeshaaga. Mimi adui yangu ni vumbi. Agosti ukibadilisha lenzi nje, Dodoma nzima inaingia ndani ya kamera. Mwaka jana niliwapiga picha maharusi pale mlimani, anga safi, nikafunga tundu la lenzi mpaka f/16 niwe fundi kweli kweli. Tundu likiwa dogo hivyo, vumbi la ndani linajianika: picha zikatoka na madoa meusi saba angani. Bwana harusi akaniuliza kama ni tai. Nikasema ndiyo. Mama mkwe wake akasema tai saba kwenye harusi si dalili nzuri, na salio langu halijalipwa mpaka leo.

Haya, sokoni.

Kijana wa mabegi ya mtumba aliniona kwa mbali. "Mheshimiwa, karibu!" Mji huu ukivaa shati lililonyooshwa wewe ni mbunge, na bei inapanda kabla hujavuka mtaro. Nikamwambia nataka begi la kamera. Akavuta moja jeusi, kubwa, akalipiga makofi mawili. Vumbi likaruka.

"Hili la Ujerumani. Halipitishi maji. Laki moja na ishirini."

Nikafungua. Vile vigawanyo vya ndani vya kunata vilikuwemo, vinalia kraaa ukivibandua, vinne vizima na kimoja kimeliwa na panya. Zipu ngumu, meno yote. Kusema kweli moyo wangu uliruka, ila uso nikaukunja kama mtu aliyeletewa chai haina sukari.

"Lenzi yangu ndefu haitaingia," nikasema, ili nianze kushusha bei.

Hapo ndipo nilipoharibu siku yangu.

"Ina urefu gani hiyo lenzi, bosi?" Angalia, nimeshatolewa bungeni. Nikaeleza kwamba ni 70-200 ya f/2.8, peke yake ina kilo moja na nusu, nene kama... nikatafuta mfano, macho yakaangukia kwa mama lishe wa jirani... nene kama ile chupa ya chai.

Kabla sijamaliza, ameshaiazima. Mama akapiga kelele kuwa ina chai ya wateja. Kijana akasema ni dakika moja, mama, ni utaalamu. Watu wakasogea. Muuza nyanya akaleta mawe mawili ya mizani yawe kamera. Mtu nisiyemjua akatoa sahani ya chapati iwe laptop. Kila kitu kikapangwa humo ndani, wazee wawili wakishauriana wapi flashi ikae, na flashi ilikuwa embe. Jamaa akafunga zipu, akanivalisha, akanikaza mkanda wa kifuani, akaniambia, "Tembea!"

Nikatembea. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, nazunguka soko na chapati za watu mgongoni.

"Ruka kidogo, mzee!" Mnaona? Sasa ni mzee. Nami, kwa ujinga ambao sina wa kumlaumu, nikaruka.

Nikahisi joto linatambaa kiunoni.

Tulifungua. Kizibo kimejitenga na chupa, chai ya maziwa imejaa chini ya begi, embe linaelea. Kimya. Halafu yule kijana akaliinua begi juu, akalitazama chini huku na huku, hakuna tone. Akageukia umati, uso unang'aa: "Si niliwaambia halipitishi maji?"

Wakapiga makofi! Wanampigia makofi huku mimi chai imenipitia juu, kwenye zipu, na suruali yangu ndiyo ya kwendea kazini!

"Laki moja," akasema.

"La nani hilo lenye chai?"

"La kwako. Wewe ndiye uliyeruka."

"Si wewe uliyeniambia niruke?"

"Wewe mtoto mdogo?"

Tukavutana mpaka muuza nyanya akawa hakimu. Hukumu: kijana nimpe elfu tano ya kulifua, mama nimlipe vikombe tisa. Tisa! Ile chupa hata mimi naijua, haizidi sita. "Baba, na mvuke nao je?" akaniuliza mama. Nililipa. Chapati zilirudi sahanini zimelowa, mwenyewe akazila papo hapo, akasema hazijawahi kuwa laini hivyo.

Ijumaa nina mgeni wa kumpeleka Kolo, kule mbele ya Kondoa, akaone michoro ya miambani iliyoingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Njia yote mzigo utakuwa mapajani, maana buti nimeapa. Kwenye ndege nako si nafuu. Mizigo ya mkononi mara nyingi kilo saba, zangu zinagonga tisa, na betri za akiba za lithiamu hazitakiwi kwenye mzigo wa chini, kwa hiyo safari ya mwisho nilipanda na lenzi ndani ya koti na betri kwenye soksi, natembea kama nimechanika msamba.

Nimerudi nyumbani, mke wangu ameninusa mara moja, kisha mara ya pili. "Alizeti na chai. Umetoka msibani?" Simba amefuliwa, yuko kwenye kamba, anacheka, anadondosha povu. Mwanangu anamtaka Jumatatu.

Na sasa hivi simu imeita. Namba yangu wameitoa kwenye tiketi. Ni konda, anasema mwenye dumu yuko stendi, amepima, limepungua lita mbili, na mashahidi wanasema begi lililokunywa lina picha ya simba.