Tuyamalize hapa hapa, au twende bima?

Magari mawili yakigusana kwenye foleni ya Buguruni, Dar es Salaam, lawama zikiisha huja pendekezo: "Braza, tuyamalize hapa hapa." Laki na nusu inatumwa kwa simu na kila mtu anaondoka kabla trafiki hajafika. Watu wa bima huuona huu kuwa ujinga. Mimi naona ni hesabu.

Chukua aliyegongwa na gari lenye bima ndogo, inayolipa hasara ya wengine tu na si ya gari lako, ile ambayo kwa gari binafsi wengi tumezoea kuilipia 118,000 kwa mwaka. Akitaka fidia, kampuni ya mgongaji itamdai fomu ya madai, nakala ya leseni ya dereva, PF90 ya ukaguzi wa gari, PF115 ambayo ni ripoti ya polisi ya ajali, ramani ya tukio, na mara nyingi nakala ya hukumu. Hukumu maana yake mgongaji asimame mahakamani, akiri kosa, alipe faini. Kwa taa ya laki mbili? Mwenye daladala ndiyo kabisa: gari likilala, hesabu ya siku imepotea.

Kampuni nazo zina hoja. Ajali za kupanga zipo, na kuna gereji ambazo kabla ya kukutajia bei hukuuliza kwanza: unalipa mwenyewe au bima? Jibu lako ndilo linalopanga bei. Tena mikataba ya bima kwa kawaida inamkataza mteja kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni, kwa hiyo kikaratasi cha "nimekosa, nitalipa" kinaweza kukuharibia madai. Wateja wengi hawalijui hilo kwa sababu mkataba wenyewe hawajawahi kuuona. Wakala aliwatumia stika kwa WhatsApp, basi.

Katika bima kubwa, inayolipa hata gari lako mwenyewe, pia kuna kilio ambacho sikiungi mkono. Gari la milioni 20 linaandikishwa milioni 12 ili ada ishuke. Likipata hasara ya milioni 5, kampuni inalipa kwa uwiano ule ule, yaani milioni 3, na mwenye gari anapiga kelele kuwa kaibiwa. Hajaibiwa. Ila wakala aliyeipokea ile 12 bila kusema neno, naye ana lake la kujibu.

Akiumia mtu, habari ya kumalizana ife hapo hapo. Goti linaweza kuvimba kesho yake, na majeruhi hana PF3, fomu ya polisi ya matibabu, wala namba ya gari, ana laki na nusu tu. Bima ya lazima chini ya Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, iliwekwa kwa ajili yake: akishinda kesi dhidi ya dereva, kampuni ndiyo inayobeba hukumu. Na kampuni ikileta kiasi kisichotosha, asisaini hati ya kukubali malipo, maana saini hiyo hufunga madai. Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ipo kwa ugomvi wa namna hiyo.

Kwa mikwaruzo isiyo na majeruhi, hata hivyo, sioni kwa nini mahakama ihusike. Ufaransa madereva wawili hujaza fomu moja pale pale barabarani, wakachora magari yalivyokuwa, wakatia saini, kila mmoja akapeleka nakala kwa kampuni yake. Nani mwenye kosa, kampuni ndizo zinazoamua. Hapa zitasema marafiki wawili watajaza uongo. Watajaza, wapo. Lakini fomu hiyo inaweza kuwekewa kikomo cha fedha na sharti la gari kukaguliwa kabla ya kuguswa na fundi. Na hukumu tunayoing'ang'ania leo haiwazuii marafiki hao: mmoja anakwenda kukiri kosa, analipa faini, na kampuni inatoa hundi.